Muziki wa Kusindikiza Igizo Dhima la Mezani

Miongoni mwa mambo ambayo walimu wanafunzi hutuuliza kila wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, moja limezidi kujitokeza siku hizi: je, yafaa kupiga muziki wakati watoto wanapocheza igizo dhima, na kama yafaa, ni muziki gani? Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa shule nyingi hazikuwa na chombo cha kupigia. Leo karibu kila mwanachuo ana simu, na wengi wana spika ndogo ya kuchaji inayoenea kiganjani. Chombo kimepatikana kabla ya shauri la kukitumia. Katika makala haya tunakusudia kutoa shauri hilo, kwa kadiri ya yale tuliyoyaona hapa Kinampanda na katika shule za msingi za jirani tunakokwenda kukagua masomo.

Igizo dhima tunalolizungumzia si lile la kusimama mbele ya darasa na kusema maneno yaliyokaririwa. Ni lile la mezani. Watoto wanane huketi kuzunguka madawati mawili yaliyounganishwa. Katikati huwekwa ramani iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, na kila mtoto hupewa kisoda kinachomwakilisha, chenye jina na kazi. Mwalimu ndiye msimulizi. Hueleza mahali walipofika na jambo lililowakuta, kisha huuliza, "Mnafanya nini?" Watoto hushauriana na kutoa neno lao. Pale ambapo jambo halitegemei nia ya mtu, kama vile mvua kunyesha au mpagazi kujikwaa, hurushwa mbegu za kunde zilizopakwa wino upande mmoja.

Mchezo wa namna hii unao ndugu zake ng'ambo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akashika nafasi ya mtu wa kubuni, na mmoja wao akasimulia. Umeenea sana Marekani na Ulaya. Wachezaji wake hubishana kwa saa nyingi juu ya muziki wa kupiga wakati wa mchezo, na wengi huangukia muziki wa filamu. Majoka yao hatuyahitaji, lakini ubishi wao unatuhusu.

Kwa upande wetu, kisa tunachokipendekeza kwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili ni safari ya msafara wa karne ya kumi na tisa, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, mwendo wa karibu kilomita 1,200. Kisa hiki kina faida ya kupita mlangoni petu. Baada ya Ugogo misafara ilikuwa ikiingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, na pori hilo leo limo katika Wilaya ya Manyoni, mkoani mwetu Singida. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857 wakiongozwa na watu walioijua njia hiyo kabla yao. Mtoto wa Iramba anaposikia kwamba safari kubwa ya vitabuni ilikauka koo katika mkoa wake, hukaa wima.

Tena kisa hiki kina sauti zake chenyewe. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, na safari ilianzishwa kwa ngoma na kwa barugumu, yaani pembe ya tandala inayopulizwa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30 kwa mtu mmoja, nao waliimba njiani. Kwa hiyo mwalimu anayetafuta muziki wa somo hili hana haja ya kuanza kutafuta mbali. Aanze kwa kujiuliza: watu hawa, mahali hapa, walikuwa wakisikia nini?

Swali hilo ndilo tunalolitanguliza kuliko mengine yote, na sababu yake tutaieleza kwa mfano. Muhula mmoja tuliangalia somo hilohilo likifundishwa na wanachuo wawili katika mikondo miwili ya Darasa la Tano, kila mkondo ukiwa na meza tisa. Wote wawili walifika mahali ambapo msafara unaingia Ugogo na mtemi anadai hongo: vitambaa kadhaa vya merikani na shanga, ndipo wapewe njia na maji. Mwanachuo wa kwanza alikuwa amechagua muziki wa filamu, wenye matarumbeta na ngoma nzito zinazokwenda zikipanda. Aliupiga pale mjumbe wa mtemi alipotokea. Alipouliza, "Mnafanya nini?" meza saba kati ya tisa zilijibu kwamba zinapigana. Darasa lilichangamka mno, na mtu aliyekuwa akipita nje angelisifu. Mwanachuo wa pili alikuwa na zeze laini lililopigwa wakati wa kambi ya usiku, akalizima mjumbe alipofika. Meza mbili ziliamua kupigana. Saba nyingine zilianza kupatana bei, na mapatano hayo yalimaliza kipindi. Katika meza mojawapo msichana aliyekuwa mtunza vitambaa alikataa hata kupunguza hongo. Alisema, "Visima ni vyao, wamevichimba wao."

Hatudai kwamba huo ni utafiti. Watoto walikuwa tofauti, walimu walikuwa tofauti, na mikondo miwili haitoshi kuthibitisha kitu. Lakini baada ya somo la kwanza tulimwuliza mvulana mmoja kwa nini meza yao iliamua kupigana ilhali walikuwa na vitambaa vya kutosha. Alitutazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Ngoma ilikuwa ya vita, mwalimu," alisema.

Mtoto yule alikuwa mwerevu. Alisikiliza kila kilichosemwa darasani, na spika nayo ilikuwa imesema. Ndiyo maana twasema kwamba muziki wa kusindikiza una kazi mbili ambazo mwalimu hana budi kuzitenganisha. Waweza kueleza mahali: jua, pori, soko, usiku, mwendo wa miguu mingi. Na waweza kutoa hukumu: huyu ni adui, jambo hili ni la kusikitisha, sasa furahini. Katika filamu kazi hizo huchanganywa, kwa sababu mtazamaji hana la kuamua. Mwamuzi alikwisha kuamua kabla ya filamu kutengenezwa. Katika igizo dhima la mezani uamuzi ndio somo lenyewe. Mwalimu akipiga muziki wa vita kabla watoto hawajaamua, amejibu swali lake mwenyewe kwa sauti kubwa kuliko ya mwanafunzi yeyote.

Kwa hiyo tunawashauri wanachuo wachague muziki wa kueleza mahali, na wauache wa kutoa hukumu. Huzuni vilevile ni hukumu. Mpagazi anapougua katikati ya Mgunda Mkali na maji yamebaki vibuyu vitatu, meza inatakiwa ipime yenyewe kama itambeba, itamwacha na maji, au itarudi. Muziki wa kuliza ukipigwa hapo, watoto watambeba wote, wala hawatajua ni kwa nini walimbeba.

Mwanachuo mmoja alitupinga katika mjadala. Alisema kwamba ngano za bibi zina nyimbo, na nyimbo hizo hutuambia wazi nani ni mwovu. Ni kweli, na hoja yake ni nzuri. Ila katika ngano wimbo ni wa wasikilizaji wenyewe. Msimulizi huuanzisha, watoto huupokea, na kwa kuupokea wanaingia ndani ya kisa kwa vinywa vyao. Spika haipokelewi na mtu. Ikiwa mwalimu anataka kufuata njia ya ngano, na awape watoto kiitikio cha wapagazi wakiitikie wakati wa mwendo. Hilo tumeliona likifaa sana, hasa kipindi cha mwisho cha asubuhi ambapo njaa imeanza kuuma.

Jambo la pili ni maneno. Muziki wenye maneno usipigwe wakati watoto wanapozungumza. Watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha mwaka 1989 kwamba mtu anayejaribu kushika mambo kichwani kwa muda mfupi huvurugwa zaidi na muziki wenye sauti ya mwimbaji kuliko wa ala tupu. Mwalimu wa Darasa la Tano hahitaji maabara kuliona hilo. Piga wimbo wa bongo fleva unaojulikana, nusu ya darasa itaimba, na msafara utakwama Bagamoyo. Taarabu nayo, pamoja na utamu wake, imejaa mafumbo ya watu wazima ambayo haifai kuyafumbua mbele ya watoto wa miaka kumi na mmoja. Nyimbo za kwaya na kaswida tunawaomba wanachuo wasiziguse kabisa; ni ibada ya watu, nazo zisiwe pambo la mchezo.

Kanda yetu ina utajiri wa ala. Kwa Wagogo, majirani zetu wa kusini-mashariki, liko zeze na iko ilimba, na mpigaji wake aliyejulikana zaidi duniani ni Hukwe Zawose (1938–2003), ambaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Rekodi zake zinapatikana, mathalani *Chibite* ya mwaka 1996. Humo mwanachuo ataona jinsi ilimba inavyorudiarudia mkondo mmoja pasipo kukimbilia mwisho, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Muziki unaojenga kilele unamhimiza msikilizaji amalize. Muziki unaozunguka unamwacha akae. Vipande ambamo Zawose anaimba vipigwe mwanzoni, kabla ya mchezo, na vile vya ala vipigwe wakati wa kambi.

Hapa tunatoa tahadhari. Si kila ngoma ya asili ni mali ya darasa. Muheme ya Wagogo, inayopigwa na wanawake, ina uhusiano na unyago, na katika makabila mengi ya nchi yetu zipo ngoma za jando, za msiba na za tiba ambazo wazee hawapendi zisikike ovyo. Mwanachuo anayetoka Mtwara au Kagera, akaletwa Iramba kufundisha, hawezi kuzijua kwa kusikia tu. Rekodi nayo haiji na maelezo. Tunamtaka kila mwanachuo, kabla ya kutumia ngoma ya mahali, aende kwa mwalimu mkuu na aombe kuonyeshwa mzee au bibi wa kumwuliza. Safari hiyo aghalabu huleta faida ya ziada, maana mzee akishaulizwa kuhusu ngoma moja hukutajia tano.

Jambo zito kuliko yote lilijitokeza wakati wa maandalizi. Mwanachuo mwenye bidii alituletea andalio la somo ambamo, kwa sehemu ya msafara unaorudi pwani, alikuwa amepanga kutikisa mnyororo wa ng'ombe ndani ya debe ili watoto "wapate hali halisi". Sote twajua kwamba baadhi ya misafara ya njia hiyo ilipeleka pembe za ndovu pwani pamoja na watu waliofungwa. Watoto wanapaswa kuambiwa hilo waziwazi, na waambiwe kwa maneno ya mwalimu, mchezo ukiwa umesimama. Tulimweleza kwamba mnyororo si kayamba. Sauti ikishaingia katika mchezo huwa chombo cha kuchezea. Mara ya kwanza watoto hushtuka, mara ya tatu huomba wautikise wao. Alikubali, akauondoa, na katika nafasi yake akaandika: "Mwalimu anakaa kimya kidogo, kisha anasimulia." Kwa sababu hiyohiyo hatumpi mtoto yeyote kisoda cha mtumwa.

Kukaa kimya huko ndiko tunakokutafuta hata katika sehemu nyingine za somo. Wanachuo wengi huogopa kimya, wakidhani kwamba darasa lililo kimya limemshinda mwalimu. Lakini sauti iliyokuwapo kwa dakika tano, ikikatwa, huwavuta watoto kuliko sauti mpya. Watu wazima wanakumbuka ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona, zilizokuwa zikitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam: zilipokoma, nyumba nzima ilikuwa tayari imenyamaza. Basi mwalimu na awe na sauti ya mwendo, aipige wakati visoda vinasogezwa, na aikate kabisa anapouliza, "Mnafanya nini?" Baada ya vipindi viwili watoto wataielewa alama hiyo wala hatahitaji kupiga meza kwa rula.

Sasa kuhusu kiasi cha sauti. Mwalimu asiikadirie akiwa amesimama karibu na ubao. Aende akakae kwenye dawati la nyuma, na amwombe mtoto mwenye sauti ndogo kuliko wote aseme neno moja kutoka meza ya mbele. Akilisikia, sauti inafaa. Asipolisikia, apunguze, au azime. Katika darasa la watoto 72, muziki unapozidi kidogo wale wenye sauti kubwa huongeza sauti zao, na wale wenye haya hunyamaza. Mwishoni kila meza inaendeshwa na watu wawili. Katika somo moja tulimwona mtoto akifungua kinywa mara tatu ili aseme jambo, na mara zote tatu akakifunga. Hakuna aliyemzuia. Tulipoinama karibu naye mwalimu alipozima spika, tuligundua kwamba alikuwa amehesabu maji, na vibuyu vya meza yao havikutosha kufika kambi ya pili. Wenzake walikuwa wameshakwenda mbele siku mbili. Hapa Singida kuna upepo pia, na madarasa mengi yana bati tupu lisilo na dari. Mvua ikinyesha hakuna muziki wa kuzungumzia, wala hauhitajiki, kwani mvua juu ya bati ni sauti ya kutosha kwa kisa chochote kinachohusu mvua.

Simu ina vituko vyake. Wimbo uliochukuliwa ovyo mtandaoni huja na sauti ya mtangazaji akijitaja jina katikati. Vipande vingi ni vya dakika tatu au nne, vikiisha kinafuata kingine kisichohusika. Na simu ni simu: mwanachuo mmoja alipigiwa akiwa katikati ya Mgunda Mkali, msafara ukiwa na kiu, na mpigaji alitaka kujua bei ya gunia la vitunguu. Watoto walimwomba mwalimu amwulize kama ana maji. Simu iwekwe katika hali ya ndege kabla ya kuingia darasani.

Sisi, tukiulizwa tuchague kati ya spika na mikono ya watoto, tunachagua mikono. Meza moja kati ya tisa, kwa zamu, na iwe meza ya wapigaji. Kokoto chache ndani ya kopo la maziwa hutoa mwendo wa miguu. Majani makavu ya mahindi yakisuguliwa pamoja yanakuwa upepo. Viganja vikisuguana polepole, darasa zima, vinakuwa pori la usiku. Kuanzishwa kwa safari kwafaa kufanywe na mtoto mmoja tu, kwa pembe ya ng'ombe iliyotobolewa, na nafasi hiyo hugombewa kuliko ya kirangozi mwenyewe. Meza ya wapigaji inalazimika kusikiliza simulizi kwa makini zaidi ya wengine, kwa kuwa wao ndio wanaojua safari inakwenda au imesimama. Tumeona watoto wasiosoma vizuri waking'ara hapo. Kuna hasara moja: kelele ya kwanza, pale makopo yanapogawiwa, itasikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Mpe taarifa mapema.

Katika andalio la somo, msiongeze ukurasa mpya kwa ajili ya muziki. Chini ya zana, taja sauti mbili au tatu, zisizidi tatu. Katika safu ya kazi za mwalimu, andika mahali sauti inapoanza na mahali inapokoma. Wakaguzi wetu wataangalia zaidi mahali inapokoma. Kwa wale watakaofundisha Darasa la Kwanza na la Pili, sauti moja inatosha, nayo iwe ya kuanzia na kumalizia tu.

Makopo sita, pembe mbili na makayamba manne tuliyoyatumia muhula uliopita yamo katika chumba cha zana, rafu ya chini upande wa dirisha. Anayetaka kuyaazima kwa mazoezi ya kufundisha aandike jina lake katika daftari lililoko mlangoni, pamoja na shule anayokwenda. Kayamba moja limepasuka pembeni na linamwaga mbegu; atakayelichukua atafute gundi kwanza.